Uliza Mjomba: Nimepandisha mwekundu na mweusi, mbona wametoka wa kahawia wote?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kwamba jike langu la nyoka wa mahindi limetaga, basi barua zikamiminika. Nusu ni za matusi ya kirafiki (mmoja kaandika "Mjomba umerogwa na Wazungu"), nusu ni za watu ambao kumbe nao wanafuga kimyakimya kwenye vyumba vyao huko Uingereza, Canada, Marekani, hata nyumbani hawajasema. Leo tunajibu hao.

Kwa asiyemjua, huyu nyoka asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani, kuanzia kule New Jersey kushuka hadi Florida. Hana sumu, panya anamuua kwa kumkaba, akikua sana ni mita moja na nusu hivi, na ukimtunza anaishi miaka 15 hadi 20. Jina la mahindi wengine wanasema ni kwa sababu alikuwa anakutwa kwenye maghala ya mahindi akiwinda panya, wengine wanasema ni tumbo lake lina vidoa kama punje za mahindi ya rangi rangi. Mimi nakubali zote mbili. Rangi yake ya porini ni chungwa-kahawia yenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi, ila wafugaji wamemtoa rangi ambazo hata duka la vitenge hulikuti nazo, na hapo ndipo maswali yanapoanzia.

Shikamoo Mjomba. Nipo Leicester, nafanya kazi ghala. Nina dume la ameli, lile jekundu lisilo na weusi hata chembe, macho mekundu, na jike la aneri, lile la kijivu na nyeusi lisilo na wekundu. Nilielewa kwamba theluji, yule mweupe wa kupinki, anapatikana kwa kuchanganya ameli na aneri. Nikapandisha, nikasubiri, mayai 14 yametotoa 13, na wote, WOTE, ni rangi ya kawaida ya kahawia. Nimepigwa? Au jike lilikuja na mimba ya dume lingine? – Baba Zuhura

Marahaba Baba Zuhura. Hujapigwa. Umepata kilekile ulichotakiwa kupata, ila aliyekueleza kakueleza nusu ya habari af akaenda zake.

Chukua kanga. Kanga inauzwa doti, vipande viwili, si ndio? Sasa kila jeni ya nyoka wako ni doti. Kipande kimoja katoa baba, kingine katoa mama, na yeye akizaa anakata doti yake anampa mtoto kipande kimoja tu, kipi, hachagui yeye. Kuna doti ya kutengeneza weusi na kuna doti ya kutengeneza wekundu, na hizi ni doti mbili tofauti kabisa, haziingiliani. Ameli ni nyoka ambaye doti yake ya weusi vipande vyote viwili vimeharibika. Aneri ni yule ambaye doti ya wekundu ndio imeharibika yote. Lakini ukiwa na kipande kimoja kizima tu kwenye doti, kinatosha, kazi inafanyika, na kwa macho huwezi kujua kwamba kile cha pili ni kibovu. Ndio maana zinaitwa jeni fiche, zinajificha kweli.

Haya, dume lako weusi wake umeharibika wote ila wekundu ni mzima. Jike lako kinyume chake. Kila mtoto kapokea kipande kibovu cha weusi toka kwa baba na kizima toka kwa mama, kipande kibovu cha wekundu toka kwa mama na kizima toka kwa baba, kwa iyo kila doti ina kipande kimoja kinachofanya kazi na mtoto anatoka kahawia kama nyoka wa porini. Wangekuwa 13, wangekuwa 130, wote kahawia. Jike kuhifadhi mbegu za dume la zamani ni jambo la kweli, linatokea, nimeshaona jike limetaga mayai yenye uhai bila kuona dume msimu mzima, lakini kwako hakuna dalili hiyo. Dalili ingekuwa utoke ameli au aneri hapo katikati. Hata hivyo hiyo nayo isingekuwa ushahidi, maana dume lako la ameli linaweza kuwa limebeba aneri kwa siri bila we kujua.

Sasa hao 13 usiwaone wa kawaida. Kila mmoja amebeba vipande vyote viwili vya siri, kimoja cha ameli na kimoja cha aneri, na wafugaji wanamwita heti. Hao ni heti theluji.

Ukipandisha heti theluji kwa heti theluji, piga hesabu ya mafungu 16: mafungu 9 kahawia, 3 ameli, 3 aneri, 1 theluji. Na hapa ndio watu wanapokosea mara ya pili. Wanaona "moja kwa 16", jike linataga mayai 16, wanaanza kutafuta jina la theluji wao. Bwana, yai halijui yai la jirani limetoka nini. Kila yai linapiga kura yake lenyewe. Katika mayai 16 uwezekano wa kukosa theluji hata mmoja ni kama asilimia 36, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu anayefanya hivyo anaambulia patupu na hajakosea kitu.

Kwa iyo ushauri wangu: usingoje miaka mitatu ndugu wakue upandishe ndugu kwa ndugu. Tunza jike moja zuri kati ya hao, alaf nunua theluji dume. Heti theluji kwa theluji kamili inakupa robo kahawia, robo ameli, robo aneri, robo theluji. Mayai 12 tu, uwezekano wa kukosa theluji unashuka mpaka asilimia 3 hivi. Na unakwepa kuoanisha ndugu, maana jeni fiche haibagui, inaficha rangi nzuri na inaficha ugonjwa vilevile. Kuna ugonjwa mmoja wa hawa nyoka wafugaji wanauita mtazama nyota, nyoka anapindua kichwa juu hawezi kujiweka sawa, na wenyewe ni jeni fiche kama ameli tu. Umesambaa zaidi kwenye ukoo wa rangi moja ambao watu waliupenda wakaurudiarudia.

Nikuambie na ya kwangu usijione peke yako. Mwaka 2017 nilinunua kwenye maonyesho ya reptilia dume jeupe, karatasi imeandikwa theluji, muuzaji mtu mzima kabisa na miwani. Nyumbani nilikuwa na jike langu la theluji. Theluji kwa theluji unategemea nini? Theluji watupu. Nikashajiandaa na wateja. Mayai yakatotoa, kichwa cha kwanza chekundu, cha pili chekundu, mpaka cha mwisho ameli tupu! Nilikaa jikoni na kalamu nusu saa ndio nikaelewa. Lile dume halikuwa theluji, lilikuwa tufani. Tufani ni mweupe vilevile lakini weupe wake umetengenezwa na ameli pamoja na jeni nyingine inayoitwa mkaa, ambayo nayo inaondoa wekundu ila ni doti tofauti na ya aneri. Basi aneri za mama zikakuta wenzao wazima, mkaa wa baba ukakuta wenzake wazima, wekundu ukarudi, kilichobaki kinafanana pande zote mbili ni ameli tu. Nyoka wawili weupe wamezaa wekundu watupu. Mke wangu mpaka leo akitaka kunicheka anasema "theluji yako inayeyuka".

Mjomba habari. Nimenunua mdogo mmoja wa kahawia hapa Minneapolis, kwenye kikopo chake wameandika "heti ameli asilimia 66". Nyoka anabebaje jeni asilimia 66? Ana theluthi mbili ya jeni? – Dada N.

Hahaa. Hapana dada, nyoka wako ama anayo ama hana. Hiyo 66 ni ujinga wetu sisi, si wa nyoka.

Imetoka hivi: wazazi wake wote wawili ni heti ameli. Watoto wao katika mafungu 4, moja ni ameli, hilo unaliona kwa macho unaliweka pembeni. Yanabaki matatu ya kahawia, mawili yamebeba, moja halijabeba. Mbili kwa tatu, asilimia 66. Ukiona wameandika 50, ujue mzazi mmoja tu ndio alikuwa heti. Ukiona 100, hapo mzazi mmoja ni ameli kabisa, hakuna kubahatisha.

Unataka kujua ukweli, akikua mpandishe na ameli. Akitoka hata mtoto mmoja wa ameli, kesi imekwisha, ni heti. Wasipotoka ndio unahesabu: kama kweli angekuwa heti, kila yai lilikuwa na nusu ya kutoka ameli, kwa iyo mayai 5 yote kukosa ni mara moja katika 32, mayai 8 ni mara moja katika 256. Mimi nikifika 8 bila kitu nafuta neno heti kwenye karatasi yake. Na bei ya asilimia 66 isizidi sana ya nyoka wa kawaida, maana unanunua bahati nasibu. Ulilipa ngapi? Usiniambie.

Mwalimu wa sekondari, Dodoma: Mwanangu anasoma Marekani kanitumia video ya nyoka mwekundu eti ni albino. Kwanza mbona si mweupe? Pili, je ni kitu kimoja na ualbino wa watu? Ningependa kutumia mfano huu darasani.

Mwalimu, hili ndio swali nililolipenda kuliko yote.

Mbona si mweupe. Mtu rangi ya ngozi yake karibu yote ni melanini, ikiondoka hamna kingine cha kuonekana. Nyoka ana seli za rangi za aina zaidi ya moja, kuna za melanini na kuna nyingine za njano na nyekundu zinazojitegemea. Ameli amepoteza melanini tu, nyekundu na njano zipo palepale, kwa iyo anang'aa kama kaa la moto. Mpaka uondoe na wekundu ndio unampata theluji, tumeshaongea hapo juu.

Kitu kimoja na cha watu? Ndiyo, na karibu zaidi ya unavyofikiri. Aliyeonyesha kwamba rangi hii inarithiwa kama jeni fiche alikuwa daktari wa ngozi za watu, H. Bernard Bechtel wa Valdosta, Georgia. Yeye na mkewe Elizabeth walifuga, wakapandisha, wakahesabu watoto, wakachapisha kwenye jarida la Copeia mwaka 1962. Baadaye sana, 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaikuta jeni yenyewe: OCA2. Kipande cha DNA kinachorukaruka kilikuwa kimejipachika katikati yake kikaivuruga. Na OCA2 ndio hiyohiyo inayohusika na aina ya ualbino iliyo nyingi zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo. Uharibifu wenyewe ni tofauti, kwa watu wetu mara nyingi kuna kipande cha jeni kimekatika kikapotea, lakini jeni ni moja.

Ukifika hapo darasani usiishie kwenye nyoka. Nimekulia Tanga, nimeshuhudia mama amezaa mtoto mwenye ualbino halafu baba anakusanya shati zake anaondoka, eti mtoto si wake au ukoo wa mke una laana. Kwa hesabu ileile ya doti, mtoto hawezi kupata vipande viwili bila kila mzazi kutoa chake. Baba anayekimbia anakimbia kipande chake mwenyewe. Na ile robo inarudi kila mimba upya, mtoto wa kwanza kuwa na ualbino hakumaanishi watatu wanaofuata wako salama, wala kuzaa watatu weusi hakumaanishi wa nne ndio zamu yake. Changanya maharage mekundu na kunde nusu kwa nusu kwenye kila mfuko, mfuko wa baba na wa mama, kunde ndio kipande kibovu, kila mwanafunzi achomoe moja moja bila kuangalia, waandike ubaoni. Darasa la watoto 60, wenye kunde mbili watakaribia robo bila we kusema neno. Ila kama kuna mwanafunzi mwenye ualbino darasani, ongea naye kwanza pembeni, asije akajikuta yeye ndio mfano.

Mjomba mambo, nipo Toronto. Jike langu lina miezi 20, gramu 210, linakula vizuri sana. Dume liko tayari. Niwaweke pamoja mwezi wa tatu? – Kijana wa Sinza

Usithubutu.

Sisi tunatumia tatu tatu tatu: miaka 3, futi 3, gramu 300. Sio sheria ya serikali lakini imeokoa majike mengi. Jike dogo dume litalipanda tu, halina huruma, na mayai yatakuja, shida ni kutoka. Yai likikwama ndani ni daktari wa mifugo, upasuaji, na mara nyingi ni jike kufa. Hilo lako lina hamu ya kula, subiri.

Mwakani ukiwa tayari: majira ya baridi waache bila chakula wiki mbili tumbo liwe tupu kabisa, alaf wapoeze kwenye nyuzi joto 10 hadi 15 za Selsiasi kwa miezi miwili mitatu, maji yawepo muda wote. Masika wakiamka walishe wiki kadhaa ndio uwakutanishe. Jike litajivua gamba (sio ile ya chama) kama siku 10 kabla ya kutaga, ukiona hivyo liwekee kikopo chenye moss mbichi. Litataga kuanzia mayai 10 hivi hadi 30, likimaliza hamisha mayai kwenye vemikulaiti (chembechembe za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, unyevu sio matope, nyuzi 27 au 28, karibu siku 60. Na yai la nyoka usiligeuze kama la kuku! Weka alama ya penseli juu kabla hujaligusa, lilivyolala ndivyo likae.

Nunua themostati mbili. Mwaka mmoja nilikuwa na moja, ikafeli usiku, asubuhi inkubeta inasoma 36, mayai 19 yote kwisha. Bei ya themostati ya pili ilikuwa ndogo kuliko pilau niliyokula wikiendi ile.

Wakitotoa usihangaike kuwalisha siku ya kwanza. Wanavua gamba lao la kwanza ndani ya wiki moja au siku 10, baada ya hapo ndio unawapa vitoto vya panya vichanga visivyo na manyoya, kimoja kimoja. Na usikimbilie kuwaandika rangi siku hiyohiyo, kitoto cha kahawia kinazaliwa kimefifia hadi unaweza kukidhania aneri, subiri wavue gamba mara mbili tatu.

Mengine ya harakaharaka.

*Rotterdam, dume motli na jike la mstari, watoto wote motli, mstari umeenda wapi?* Upo. Motli na mstari ni michoro ya mgongoni, si rangi, na ni matoleo mawili ya doti ileile moja, kila mtoto ana kipande cha motli na kipande cha mstari, na motli ndio anaonekana zaidi. Ungekuwa umechanganya doti mbili tofauti ungepata wa kawaida kama Baba Zuhura. Hii ndio ile mara chache ambapo kukosa wa kawaida kunakufundisha kitu.

*Kwetu Nyali, Mombasa, nataka nije nao wawili likizo ya Desemba kwenye begi.* Begi? Utakutana na KWS, wale wa wanyamapori, kabla hujakutana na mama yako. Kufuga nyoka Kenya bila kibali ni kosa, na kuingiza mnyama wa kigeni ni kesi nyingine juu yake. Huyu mnyama akitoroka kwenye joto la pwani anakaa jumla, kisiwa cha Grand Cayman kule Karibiani si kwao na sasa hivi wanazaliana huko porini. Ukitaka kuona nyoka pwani panda gari nenda Watamu, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken, wapo wengi wa hapahapa na wengine watakutoa jasho.

*Coventry, Okeetee ni jeni gani?* Si jeni moja. Ni nyoka wa rangi ya asili walioanzia Jasper County, South Carolina, wenye chungwa kali na pindo nene nyeusi, watu wakachagua wazuri wakapandisha na wazuri miaka na miaka. Huwezi kumpigia hesabu ya mafungu 16, angalia wazazi tu na uombe Mungu.

*Na wewe Mjomba, unauza?* Ninao ameli wanne waliobaki kwenye ule ukoo wa theluji yangu na lile dume la miwani. Kila mmoja ni heti aneri na heti mkaa, karatasi zao nimeandika mwenyewe safari hii. Ukipandisha wawili kati yao, katika mafungu 16 tisa ni ameli, 7 ni weupe: matatu theluji, matatu tufani, moja ni vyote viwili kwa pamoja, na hao saba utakaa nao mezani na taa mpaka saa nane usiku ukijaribu kujua yupi ni yupi.